Mabomba ya tanki la barafu yanajenga ganda, na vipimo vinasema chumvi ipo nyingi. Nimwamini nani? (Moshi)

BintiBarafu (Moshi)

Habari za jioni wadau, na shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwa anayejua mambo ya maji ya chumvi na mitambo ya barafu.

Naendesha mtambo mdogo wa mabonge ya barafu hapa Pasua. Ni wa baba mdogo, yeye amehamia Dodoma. Wateja wangu wakubwa ni akina mama wanaofuata perege bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu na vijana wa juisi pale stendi. Tanki linabeba kama lita 3,000 za maji ya chumvi ya mawe, ile ya kawaida ya Tanga. Makopo yanazamishwa humo, koili ya gesi imepita ubavuni, na kuna panga la kukoroga upande mmoja. Themomita ya tanki inakaa kwenye -8.

Shida ni kwamba mabomba ya koili yanajenga ganda jeupe, gumu, sasa limefikia unene wa kidole gumba. Mabonge yaliyokuwa yakiiva jioni siku hizi yanalala mpaka asubuhi, na katikati bado yana maji. Kompresa haipumziki, umeme unakwenda kama hauna mwenyewe.

Fundi alikuja akaangalia, akasema maji yanaganda kwenye bomba kwa sababu chumvi imepungua, niwe naongeza mfuko kila Jumamosi. Naongeza. Ganda linazidi kunenepa. Ndipo nikatafuta vipimo, na sasa vipimo navyo vinanichanganya:

Cha kwanza ni kipimo cha maji ya betri, kile cha mpira wa kufyonza, nimenunua Mbuyuni. Nikifyonza maji moja kwa moja kutoka kwenye tanki kinasoma kati ya 1.200 na 1.205.

Cha pili nimekikuta kwenye droo ya baba mdogo kimeviringishiwa gazeti. Ni cha kioo, kirefu, kina karatasi ndani yenye namba 0 mpaka 40 na herufi "Bé", na pembeni imeandikwa 60°F. Nilichota maji kwenye jagi, yakalala mezani, asubuhi yakiwa na joto la 24 nikapima, kikasoma 23. Nimerudia baada ya kuongeza mfuko mwingine, 23 ileile. Hakipandi!

Cha tatu alinileta jirani anayeuza maziwa. Hicho kiliruka juu kikalala ubavu, nikamrudishia.

Maswali yangu: kati ya 1.205 na 23 ipi ni ya kweli? Kwa nini namba haipandi wakati chumvi naiona naimwaga? Na niongeze mpaka wapi?

---

Mpunga_Chekereni

Dada hivyo vioo vya nini vyote. Sisi huku tunachagua mbegu za mpunga kwa yai bichi. Koroga chumvi mpaka yai lielee, mapepe yanakuja juu, mbegu nzito inabaki chini. Weka yai kwenye tanki lako, likielea chumvi inatosha, lisipoelea ongeza. Bei ya yai unaijua.

---

BetriSafi (Unga Limited, Arusha)

Kipimo cha betri kimetengenezwa kwa ajili ya asidi, namba zake zinaanzia 1.100 hadi 1.300. Betri iliyojaa inasoma kama 1.265 mpaka 1.280. Kinapima uzito wa maji yoyote ukilinganisha na maji safi, ambayo ni 1.000, hakichagui asidi wala chumvi, kwa hiyo ndani ya hizo namba utapata jibu la kukadiria. Ila kielea chake ni kidogo mno, mstari mmoja mpaka mwingine ni 0.005 au 0.010, na kinapenda kugusa ukuta wa kioo kikanasa. Kigonge kidogo na kucha kabla hujasoma. Na baada ya kazi kisuuze, chumvi ikikaukia kwenye kielea inakiongezea uzito.

Mimi hapo nina swali pia kwa wajuzi: Arusha tuko juu, kama mita 1,400. Je, kipimo kinasoma tofauti na Moshi au Tanga?

---

MzeeKompresa (Sakina, Arusha)

Marahaba binti. Nimeshinda na mashine za barafu tangu zile za amonia zinazozungushwa kwa mkanda, sasa nipo nyumbani nauguza magoti, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu na wenye haraka watanisamehe.

Kwanza acha kuongeza chumvi. Mfuko wa Jumamosi hii usiufungue.

Vipimo vyako havigombani, vyote viwili vinasema kitu kimoja. Haidromita, yaani hicho kipimo cha kuelea, haijui kama kuna chumvi, sukari au asidi. Inazama mpaka uzito wa maji iliyoyasukuma ulingane na uzito wake yenyewe, basi, inasimama. Kwenye maji mazito inahitaji kusukuma machache, kwa hiyo shingo inabaki nje. Ndiyo maana namba ndogo ziko juu na kubwa ziko chini, na ndiyo maana kile cha maziwa kililala ubavu: kimechorwa kwa maji yenye uzito wa 1.03 hivi, kwenye tanki lako hakina pa kuzama.

Sasa hiyo 23. Huo ni mpimo wa Baumé. Antoine Baumé alikuwa mfamasia wa Ufaransa, aliupanga mwaka 1768, na kwa bahati yako aliupanga kwa chumvi hiihii ya kula: sifuri ni maji matupu, 15 ni maji ambayo chumvi yake ni sehemu 15 kwa 100 kwa uzito. Kuigeuza iwe namba ya kawaida, toa ulichosoma kwenye 145, halafu gawa 145 kwa kilichobaki. Yako: 145 toa 23 ni 122, 145 gawa kwa 122 ni 1.1885. Viko vipimo vilivyochorwa kwa 144.3 badala ya 145, lakini kwa kiasi chako tofauti haikusumbui.

Mbona basi cha betri kinasema 1.205? Kwa sababu ulikipimia maji ya -8, na kile kingine ukakipimia maji ya 24. Maji ya chumvi nzito yakipata joto yanatanuka, na kila nyuzi 10 yanapungua takribani 0.0045. Kutoka -8 mpaka 24 ni nyuzi 32, hiyo ni 0.0144. Toa kwenye 1.203 ya tankini, unaangukia 1.1886. Umeona? Kipimo cha Mbuyuni na cha droo vimekubaliana kuliko mashahidi wengi wa mahakamani.

Kwa hiyo chukua 1.19 kama uzito wa maji yako kwenye joto la 20. Kwa chumvi ya mawe hiyo ni sehemu 25 kwa 100 na kidogo. Na hapo ndipo penye ugonjwa.

Watu wengi, pamoja na mafundi, wanajua nusu ya habari: chumvi ikizidi, maji yanachelewa kuganda. Ni kweli, lakini ina kikomo. Chumvi ya 10 kwa 100 inaganda kwenye -6.6. Ya 15, -10.9. Ya 20, -16.5. Ya 23.3 inafika -21.1, na hapo ndipo mwisho wa safari. Ukipita hapo, ukiyapoza maji, kinachoanza kujitenga ni chumvi. Inatoka ikiwa imeshikana na maji, fuwele nyeupe ngumu ambazo sehemu 62 kwa 100 ni chumvi tupu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha na barafu.

Tanki lako liko -8. Maji ya -8 hayabebi zaidi ya 25 na ushee. Karibu na koili, ambako bomba linaweza kuwa -15 au chini ya hapo, hayabebi zaidi ya 24. Maji yako yanapita pale yakiwa na 25. Ile ya ziada inashika palepale kwenye bomba. Unaongeza mfuko, maji yaliyokwisha kujaa hayaupokei, nusu inalala chini ya tanki, nusu inaenda kunenepesha ganda. Ndiyo maana 23 haipandi.

Usiniamini mimi, pima. Zima panga, vunja kipande cha ganda kama kiberiti, kwa mkono wenye glavu, wala usipige bomba kwa nyundo! Nimeona koili ikitobolewa kwa ubishi wa namna hiyo na gesi yote ikaenda hewani. Kichovye mara moja tu kwenye maji ya barafu, ukitoe, ukiweke kwenye glasi kavu, ukiache kiyeyuke. Kama ni barafu ya kweli utabaki na maji maangavu yenye chumvi kidogo. Kama ni ninachodhani, kikifika karibu na sifuri kitavunjikavunjika, na chini ya glasi utaona punje za chumvi zimekaa kama sukari iliyokataa kukorogeka.

Ndugu yangu wa Chekereni, yai ni zuri kwa mpunga. Lakini yai bichi linaelea chumvi ikifika kama 12 kwa 100, na baada ya hapo linaelea tu. Haliwezi kumwambia binti kama yuko 20 au 25, na tofauti hiyo ndiyo inayomla umeme.

BetriSafi, mwinuko hausumbui. Ukiwa juu, mvutano wa dunia unapungua kidogo sana, lakini unapungua kwa kipimo na kwa maji vilevile, vinasimama palepale. Joto ndilo adui wa kipimo, si mlima.

---

BintiBarafu

Mzee shikamoo tena, na asante sana. Nimesoma yote nikiwa nimesimama hapa kwenye tanki. Kesho asubuhi nitavunja kipande nilete majibu.

Naomba uniambie pia namna ya kusoma hicho cha kioo vizuri, maana mimi nakitumbukiza kwenye jagi, kinacheza cheza, halafu maji yanapanda kwenye shingo, sijui nisome pale juu au chini. Na nitajuaje kama chenyewe ni kizima? Kimekaa kwenye droo miaka.

---

MzeeKompresa (Sakina, Arusha)

Jagi ni pana, kinaenda kulala ukingoni. Tafuta chombo cha kioo au plastiki angavu, chembamba, kirefu kuliko kipimo, na kiwe kipana kukizidi kipimo kwa sentimita mbili na nusu hivi ili kisiguse ukuta. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo mara nyingi inafaa.

Maji uyachote katikati ya kina cha tanki, upande ambao panga linasukuma, si kwenye kona yaliyolala. Yaache yapoe, nataka kusema yapate joto, mpaka 20 hivi. Usiyaweke juani. Kama yana matope au kutu yachuje kwa kitambaa, uchafu unaoning'inia unaongeza uzito na unashika kwenye shingo.

Kioo kifute kwa spiriti au sabuni, kisuuze, kikauke. Baada ya hapo kishike kwa ncha ya juu tu. Mafuta ya vidole yanafanya maji yasishike shingo sawasawa, na kwenye shingo nyembamba hilo tu linaweza kukuhamisha mstari mzima. Kishushe taratibu, usikidondoshe, maana kikizama sana shingo ya juu inalowa na matone yale yanakiongezea uzito. Kizungushe kidogo kwa vidole viwili ili mapovu yaliyoshika tumboni yaachie. Ngoja kitulie kabisa.

Halafu inama. Macho yako yaanzie chini ya usawa wa maji, uyaone kama duara bapa, kisha inuka polepole mpaka duara ligeuke mstari. Mstari huo unapokata karatasi ndipo unaposoma. Yale maji yaliyopanda kwenye shingo achana nayo. Themomita iwe ndani ya chombo hichohicho, uandike namba zote mbili. Namba ya haidromita bila joto ni kama bei bila kusema ni ya kilo au ya gunia.

Kuhusu uzima wake: kiinamishe, uangalie karatasi ya ndani kama imeteleza kutoka mahali ilipogandishwa. Ndilo gonjwa la vioo vikuukuu. Angalia pia punje za risasi za kukipa uzito zilizo tumboni kama hazijalegea. Hicho chako kina bahati kinaanzia sifuri, kwa hiyo kiweke kwenye maji safi ya mvua: kinatakiwa kisimame kwenye 0, na kwa joto letu maji yatapita kidogo juu ya mstari. Vile vinavyoanzia 1.100 huwezi kuvijaribu hivyo, kwenye maji matupu vinazama mpaka chini.

---

DalaliMawe (Arusha)

Mimi si mtu wa barafu, ni wa mawe, lakini hili nalijua kwa njia nyingine. Sisi tukitaka kujua kama jiwe ni tanzanaiti au ni kioo kilichopakwa maneno matamu, tunapima uzito wake ndani ya maji. Tanzanaiti inakuja 3.35, kioo hakifiki huko mara nyingi. Hesabu hiyohiyo ukiigeuza inapima maji badala ya jiwe, na haihitaji haidromita.

Pata mzani mdogo wa kielektroniki unaosoma 0.01 ya gramu, na kipande cha jiwe la kwazi (quartz) safi kisicho na nyufa, ukubwa wa kama yai la kware au zaidi. Kwazi huku kwetu hainunuliwi, inaokotwa. Kifunge kwa uzi mwembamba wa nailoni.

Weka kikombe cha maji safi juu ya mzani, bonyeza isome sifuri. Sasa ning'iniza jiwe lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Mzani utaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Mimi nimejaribu jioni hii kwa udadisi, maji ya joto la 25: 15.95. Kausha jiwe, fanya vilevile kwenye maji ya chumvi. Nilikoroga chumvi ya dukani kulingana na namba ya mzee, sehemu 25 kwa 100 na kidogo, nikapata 19.01. Gawa: 19.01 kwa 15.95 ni 1.192. Maji safi kwenye 25 ni 0.997, zidisha, unapata 1.188.

Mzee alisema 1.19 kwenye joto la 20. Ukishusha kwa nyuzi tano kwa hesabu yake unafika palepale. Heshima kwako mzee.

Angalizo moja: mapovu kwenye jiwe. Povu dogo unaloliona kwa shida linaharibu namba ya mwisho. Pangusa kwa brashi ukiwa umelizamisha.

---

FundiAC_Kijenge

Kwa nini msimwambie ahamie kalsiamu kloridi? Inashuka mpaka chini ya -50, haya mambo ya fuwele yanaisha.

---

MzeeKompresa (Sakina, Arusha)

Kijana, kwa chumba cha kugandisha nyama ningekubaliana nawe. Yeye anauza mabonge kwa tanki la -8, chumvi ya mawe inamtosha na kubaki. Kalsiamu ni ghali, na akitaka kuhama lazima amwage yote na kuosha tanki, kwa sababu ukichanganya, haidromita inakuwa haina maana. Chukua 1.15: kama ni chumvi ya kula, hiyo ni 20 kwa 100 na inaganda -16.5. Kama ni kalsiamu, 1.15 ileile ni kama 17 kwa 100 na inaganda -13 au -14. Kama ni mchanganyiko, hakuna karatasi itakayokuambia. Kipimo kinakupa uzito, kujua ndani kuna nini ni kazi yako.

Na jingine, maji mengi ya visima huku Arusha yana magadi. Ukimwaga kalsiamu yanageuka meupe kama maziwa, chokaa inajitenga. Utangoja itulie na uchuje ndipo upime.

DalaliMawe, umenifurahisha. Kwa mzani huo ningekuwa nimeokoa vioo vingi vilivyovunjika mikononi mwa vijana wangu.

---

BintiBarafu

Wadau, nimerudi.

Nilivunja kipande, nikafanya kama alivyosema mzee, kikayeyuka kwenye glasi. Chini kumebaki punje nyeupe nyingi, ukizisaga kwa kidole ni chumvi kabisa, hata kijana wangu wa zamu ameonja akatema. Juu yake maji kidogo tu. Halafu nikapitisha fimbo chini ya tanki upande wa nyuma, kuna tabaka la chumvi limelala, fimbo inakwaruza kama iko kwenye kokoto. Hiyo ndiyo mifuko yangu ya Jumamosi.

Kioo nimekijaribu kwenye maji ya mvua, kimesimama kama nusu mstari chini ya sifuri, maana yake kimezama sifuri ikiwa imeingia majini. Karatasi haijateleza.

Sasa nipunguze vipi? Nimwage kiasi gani, na nimwage wapi? Nyuma ya kiwanda kuna mgomba wa bibi mmoja, sitaki kesi.

---

MzeeKompresa (Sakina, Arusha)

Hapo sawa. Hiyo nusu mstari kwenye maji ya mvua ni joto tu, kipimo chako kizima.

Usimwage popote. Maji hayo yataua migomba ya bibi na yakifika mtoni utakuwa na kesi kubwa kuliko ya bibi. Tafuta mapipa ya plastiki yenye mifuniko, uyatunze. Kila kopo linapojazwa maji safi kuna yanayomwagikia tankini, na tanki litakuwa linapungua nguvu lenyewe polepole. Siku hiyo utarudishia kutoka kwenye pipa, hutanunua chumvi muda mrefu.

Lengo lako ni 1.155 mpaka 1.16 kwenye joto la 20. Kwenye kioo chako ni 19 na nusu mpaka 20. Hiyo ni chumvi ya karibu 21 kwa 100, inaganda kama -17 au -18, unabaki na nafasi ya kutosha chini ya -8 na maji hayawi mazito kwa panga.

Kwa hesabu ya maji yaliyopo, ungetoa kama moja ya tano, lita 580 hivi, ukarudishia maji safi kiasi kilekile. Lakini kuna chumvi imelala chini na nyingine iko kwenye mabomba, zote zitayeyuka na kupandisha namba. Kwa hiyo nenda kwa vipande. Simamisha kompresa, panga liendelee. Toa lita 500, rudishia maji safi, acha likoroge mpaka ganda lianguke lenyewe. Pima. Ikiwa bado juu ya 20, toa nyingine 200, rudishia, subiri, pima. Usipime wakati fimbo bado inakwaruza, namba hiyo itakudanganya kwa sababu chumvi bado inaingia majini.

Waambie akina mama wa samaki mapema kwamba kuna siku moja au mbili barafu haitatosha.

---

BintiBarafu

Nimetoa 500 jana, ganda limeanguka lote usiku, mabomba yanaonekana rangi yake. Leo asubuhi nilipima nikapata 22 na nusu, fimbo ikawa bado inakwaruza kidogo. Nikatoa nyingine 200. Jioni hii fimbo inapita kimya, kioo kinasoma 21 kwenye joto la 23. Cha betri nimekirudisha kwa gari. Mama Perege wangu amenuna lakini ameelewa.

Je, niwashe kompresa usiku huu au nitoe tena?

---

MzeeKompresa (Sakina, Arusha)

21 ni 1.169, kwenye joto la 20 sema 1.17. Hiyo ni karibu 23 kwa 100, iko ukingoni kabisa. Toa 200 nyingine, koroga kwa saa nzima, pima tena. Ikisoma 20 au chini kidogo, washa. Na kabla hujawasha piga rangi ya kucha nyekundu kwenye chombo chako cha kupimia, mstari wa kijana wa zamu kujua maji yajae mpaka wapi, maana wao hujaza nusu, kipimo kikagusa chini, wakaandika namba ya kitako cha chupa.